Mzee Aliyeitikia Hasira Zangu

Begi lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa zipu mpaka mwisho. Ndani nilikuwa nimeweka nguo za mtoto, kanga zangu, sweta la baridi ya Mbulu na cheti changu cha kidato cha nne kwenye mfuko wa nailoni. Kila nilipoingia chumbani lilikuwa limeegemea ukuta, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini hajainuka. Nilikuwa naondoka. Sikuwa nimemwambia mtu wa nyumba ile, ila nilikuwa naondoka, mwanangu mgongoni, nirudi kwa mama yangu, na baba mkwe wangu abaki pale Mogitu kitandani kwake, watoto aliowazaa wajue wenyewe nani atamgeuza.

Watu wa kanisani wanapenda ushuhuda unaoanza na mtu mpole. Wangu hauanzi hivyo. Nilikuwa na hasira tangu naamka mpaka nalala, hasira ya kutosha kuchemshia maji, na nadhani ndiyo iliyonipa nguvu ya kumwinua mzee mzima kutoka kwenye godoro. Bila hiyo ningelala chini kando yake na mimi nisiamke.

Alianguka wakati wa kupura maharage. Alikuwa na fimbo mkononi, anapiga maganda yaliyotandazwa uwanjani, na mimi napepeta upande wa pili. Nikasikia fimbo imenyamaza. Nilipogeuka alikuwa amekaa juu ya maharage kama mtoto anayecheza mchangani, mdomo umekwenda upande, ananiangalia kwa mshangao. Hospitali walisema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na ulimi ukafa nao. Tukarudishwa nyumbani na dawa, na maelezo ya kumgeuza mara kwa mara asipate vidonda vya kulalia. Yule nesi alikuwa ananiangalia mimi alipokuwa anaeleza, siyo mume wangu, siyo wifi yangu, wote wamesimama pale. Sijui alijuaje.

Mume wangu alirudi Arusha kwenye kazi zake za ujenzi. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alirudi Babati kwenye duka lake. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Nikabaki mimi, mtoto anayejifunza kutembea, ng'ombe, kuku, na mzee.

Miezi ile naikumbuka kama kitu nilichokiona kupitia maji. Mchana ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlima Hanang, unafuta kwanza mashamba ya ngano ya juu, halafu mikaratusi, halafu bati la kanisa, mpaka inabaki nyumba yetu peke yake inaelea. Nilikuwa sijui kama ni saa nane au saa kumi. Mzee amelala, mtoto amelala kwenye ngozi ya ng'ombe chini ya kitanda chake, wote wawili midomo wazi, wote wawili nimewavalisha pampasi, na mimi nimekaa kwenye kigoda na kijiko mkononi, sikumbuki nilikuwa namlisha nani. Mara nyingine nilisikia mtu ananiita kwa jina la utotoni, kutoka ndani ya ukungu. Nikiitika, hakuna mtu. Ni ndama, au ni usingizi.

Sasa kuna jambo moja inabidi nilieleze, maana mengine yote yameshikiliwa na hilo.

Sisi Wairaqw tuna sala ndefu ya wazee inaitwa slufay. Watu wakiwa wamekusanyika, mzee mmoja anasimama, anaanza kuomba kwa mstari mmoja mmoja: mvua, mifugo, watoto, wageni, hata mtu asiyempenda anamwombea. Kila akimaliza mstari anapumua, na wote waliokaa wanamwitikia kwa pamoja, sauti ya chini, eee, kama nyuki ndani ya mzinga. Anakwenda hivyo, wanamwitikia hivyo. Na haikatwi katikati. Ikishaanza hakuna anayeondoka wala kukohoa ovyo mpaka mwenye kuomba ameifikisha mwisho, mabaya yote yameagizwa yaende na jua linapozama. Ukiiacha katikati ni kama umemfungulia mtu mlango ukamwacha mlangoni na mvua inanyesha.

Baba mkwe wangu alikuwa hodari wa slufay. Alitelemka kutoka Mbulu akiwa kijana kutafuta shamba, na huku chini walikuwa wanamwita mpaka Gendabi kwenye harusi za watu. Lakini slufay ilikuwa inaombwa kwenye pombe, na alipobatizwa, tayari ana mvi, mwinjilisti wa wakati ule alimwambia aache mikusanyiko ya pombe. Akaiacha. Na slufay akaiacha nayo, maana hakujua kuzitenganisha. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akaomba kwa Kiswahili kifupi cha kujikwaa, yeye ambaye alikuwa anaweza kuomba mpaka vivuli vinahama.

Mimi nilimsikia mara moja tu. Siku ya harusi yangu wazee walimbembeleza, akakubali, mwinjilisti akageuka kuangalia mikaratusi kama mtu anayehesabu matawi. Nilikuwa nimejifunika kitambaa, sioni, nasikia tu ile sauti na wale nyuki wakimjibu. Katikati mbuzi akaingia kwenye sufuria za wali. Tulimsikia anavyotafuna. Hakuna aliyenyanyuka. Mpaka slufay ikaisha, ndipo wanawake wakamkimbilia yule mbuzi kwa mwiko, na mimi nikacheka chini ya kitambaa mpaka machozi. Nilidhani nimeolewa kwenye nyumba ya furaha.

Mwanzoni mwa ugonjwa sikumwosha mimi. Isingewezekana. Mke wa mtoto hamwoni baba mkwe mwili wake. Hata kupita mbele yake na kanga imelegea ni aibu. Aliyekuwa anamwosha ni rafiki yake, mzee wa Kibarbaig, jirani yetu mfugaji. Alikuwa anakuja asubuhi na fimbo yake na shuka lake, ananiambia nitoke, anafunga mlango. Nilikuwa nawasikia ndani, mmoja anaongea Kibarbaig na Kiiraqw kwa kuchanganya, mwingine anaguna, na maji yanamwagika. Nilikuwa nakaa nje na mtoto kwenye jua, na kwa muda ule mfupi dunia inakuwa mahali pake.

Halafu kiangazi kikakaza. Majani yakaisha, na yule mzee akaondoka na ng'ombe wake kwenda kutafuta malisho mbali, chini kule tambarare. Alikuja kuaga. Alimshika rafiki yake mkono mzima, akakaa hivyo muda mrefu, akaondoka. Kesho yake asubuhi nilisimama na beseni mlangoni, nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nani.

Nilimpigia mume wangu. Akaniambia nitafute kijana nimlipe. Vijana wote walikuwa na ng'ombe au wamekwenda machimboni Mererani. Nikampigia wifi. Akasema ataliweka kwenye maombi.

Basi nikamwosha. Nilimfunika shuka, nikaingiza mikono chini ya shuka, nikafumba macho. Nilimjua kwa mikono kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Yeye naye alikuwa amefumba; najua, maana nilichungulia. Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja tu, ule uliobaki hai. Tulikuwa watu wawili vipofu tunafanya kitu ambacho hakuna mmoja wetu angemsamehe mwingine kukiona. Nilipomaliza nilitoka nje nikatapika nyuma ya zizi. Siyo kwa kinyaa. Kwa hasira.

Mke wa yule mfugaji alikuwa amebaki na mbuzi na wazee wa boma lake. Mama mtu mzima, vazi lake la ngozi, bangili za shaba mpaka kiwiko, hakuwahi kukanyaga kanisa. Alikuwa analeta maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaangalia beseni, akaangalia mikono yangu, akaelewa.

"Unamwosha wewe?"

"Nani mwingine, mama?"

Akapiga ulimi. "Kwetu mimi jina la baba mkwe wangu silitamki mpaka leo, na amekufa siku nyingi. Nikimwona njiani nilikuwa naingia kwenye miiba. Wewe unamwosha." Akacheka kidogo, siyo kwa dharau. "Mimi ningekuwa nimeshafika Singida kwa miguu."

Nikamwambia na mimi ninakwenda, ila siyo Singida. Ni yeye peke yake niliyemdokeza. Hakunishauri kitu. Alikaa, akamnywesha mtoto maziwa, halafu akaniuliza swali la ajabu. Asubuhi, alisema, akipita na mbuzi huwa ananisikia naomba. Kwa nini naomba kama mtoto anayesoma tangazo la shule? Kwani Mungu wetu anasikia Kiswahili tu?

Nilikasirika, nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa naomba kila asubuhi kwa maneno yaleyale safi, Baba mwema tunakushukuru, na sikuwa na shukrani yoyote, na sikuamini kuna anayesikiliza. Nilikuwa Mkristo wa tangu kuzaliwa, nimebatizwa mchanga, nimepata kipaimara, nimeimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana. Na kuomba kwangu kulikuwa kama kupiga simu ambayo haipatikani, halafu unaendelea kuongea kwa sababu watu wanakuangalia.

Jumapili moja wifi alikuja. Alivaa vizuri, akaleta mkate na juisi ya boksi, akakaa kitandani kwa baba yake akalia. Halafu akatoa simu akapiga picha, mkono wake juu ya mkono wa mzee. Nilikuwa nimetoka tu kumgeuza. Nywele zangu zilikuwa na majivu.

"Wifi, usogee kidogo," akaniambia, "unaonekana nyuma."

Nikasogea. Nilisogea mpaka jikoni, nikakaa mbele ya mafiga, nikasema moyoni, leo ningekuwa na panga mkononi ningelitupa mbali, nisije nikajua ningelifanyia nini. Akaja kuaga, akanikumbatia, akasema, "Mungu atakulipa, wifi. Mimi ningeshindwa, kusema kweli. Mimi nina roho nyepesi."

"Roho nyepesi si inabebeka," nikamwambia. "Ungeileta hapa hata siku mbili."

Akacheka akadhani ni utani. Jumapili hiyohiyo mwinjilisti wetu wa sasa, kijana mwenye mke mjamzito, alikuwa amehubiri juu ya Yesu kujifunga taulo na kuwaosha wanafunzi miguu. Wanawake wote waligeuka kuniangalia kwa upole. Nilitamani kusimama niulize maswali yangu. Ni miguu tu, na ni jioni moja, na walikuwa wanaume wazima wanaoweza kwenda chooni. Aje aoshe hapa kwetu asubuhi na jioni, kiangazi chote, halafu tuongee.

Jioni ile ndipo nilipofunga begi.

Nilipanga na dereva wa bodaboda aje asubuhi na mapema anipeleke barabarani. Siku ya kuamkia safari mume wangu alituma sauti kwenye simu: Pasaka hatakuja, kazi imebana, nimpe mzee pole, nimbusu mtoto. Nyuma yake kulikuwa na muziki. Niliisikiliza tena na tena, siyo yeye, ule muziki.

Mchana huo upepo ulikuwa wa vumbi, ukungu haukushuka. Mlima ulikuwa wazi kabisa, mkavu, unaonekana kila mkunjo, na kule mbali ziwa la chumvi lilikuwa jeupe kama shuka lililoanikwa. Nilimlisha mzee uji. Akaumwaga. Nikambadilisha. Nikamlisha tena, akaumwaga tena, akajichafua pale pale, shuka ambalo nimetoka kulitandika, la mwisho lililokuwa kavu. Nikaweka bakuli chini. Kuna kitu kikakatika ndani yangu, kwa utulivu kabisa, kama uzi.

Nikaanza kusema. Sikumwambia yeye. Nilikuwa natembea kutoka mlangoni mpaka kitandani, kitandani mpaka mlangoni, na niliongea Kiiraqw, maana hasira ya kweli haina Kiswahili.

Nilisema, Mungu, umenileta kwenye nyumba hii ukanifungia mlango. Nikapumua.

"Eee," ikasema sauti.

Sikuijali. Nilidhani ni kuguna kwake kwa kawaida. Nikaendelea, nimemfuata mume, na mume anasikiliza muziki Arusha.

"Eee."

Wifi yangu amekuja kupiga picha, nikaambiwa nisogee.

"Eee."

Nimesoma mpaka kidato cha nne, leo mikono yangu inanuka hata nikila.

"Eee."

Nikageuka. Mzee alikuwa amefumba macho, lakini siyo kwa namna ile ya kuoshwa. Uso wake ulikuwa umenyooka. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, alikuwa ameuinua kidogo juu ya shuka, kiganja kimeangalia juu, kama wazee wanavyokaa. Alikuwa amekaa uwanjani. Alikuwa kwenye duara la wenzake, mahali fulani juu Mbulu au siku ya harusi yangu, sijui, na mtu amesimama anaomba, na yeye kazi yake ni kuitikia. Mistari ilikuwa inakuja kwa Kiiraqw, mmoja baada ya mwingine, na mtu anapumua katikati. Alikuwa amechukua matusi yangu akadhani ni slufay. Yameombwa na mwanamke, tena mke wa mtoto wake, na hakuona kasoro.

Niseme kweli, nilizidi kukasirika. Nakutukana na wewe unaitika? Nikamsogelea, nikasema neno moja kwa sauti, ili limfikie vizuri, ili liumize kama mimi nilivyoumia.

"Kesho naondoka. Nakuacha hapa."

"Eee," akasema. Vilevile. Kwa sauti ileile ya nyuki, bila kupunguza kitu. Akaibariki na safari yangu.

Sikuwa na mstari mwingine.

Na yeye akangoja. Mdomo ulikuwa wazi tayari kwa eee inayofuata, mkono umeinuka bado, unaanza kutetemeka kwa uzito wake wenyewe. Nilingoja ashushe. Hakushusha. Mtoto aliamka, akatambaa kutoka chini ya kitanda, akakaa kwenye ngozi akatuangalia. Nje upepo ulisukuma mlango, begi likaanguka chini kule chumbani, nililisikia. Na ule mkono bado uko hewani. Nikamkumbuka yule mbuzi kwenye wali, na watu wazima wote wamekaa kimya, hakuna anayenyanyuka. Huwezi kuiacha slufay katikati. Hata kama hukujua kuwa umeianzisha.

Basi nikaimaliza. Sikuwa najua maneno. Ni ya wazee, mimi nilikuwa nimeyasikia nikiwa nimefunikwa kitambaa. Nikaokoteza. Nikasema mvua ije, isivunjike njiani. Eee. Nikasema rafiki yake na ng'ombe wapate majani, warudi. Eee. Kidonda kilichoanza kiunoni kwake kifunge. Eee, na safari hii mtoto naye akaitikia, anacheza tu, eee, mzee akafungua jicho moja akamtazama. Nikasema mwenye kusikiliza muziki Arusha asikie na kitu kingine. Nikasema mwenye roho nyepesi apewe uzito kidogo. Nilitaka kucheka. Nikasema, na mimi nipate usingizi. Sikujua kama hilo ndilo nililokuwa nalihitaji zaidi ya Mbulu, zaidi ya cheti, mpaka lilipotoka mdomoni. Nikayaagiza mabaya yote yaende na jua. Nikafika mwisho.

Eee.

Akashusha mkono. Akapumua pumzi ndefu kama mtu aliyetua kuni.

Sikuona nuru. Sikusikia jina langu likiitwa. Kilichotokea ni kidogo kuliko hapo na sijawahi kukitilia shaka: nilijua kwamba nilikuwa nimesikilizwa. Yote, pamoja na matusi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nampelekea Mungu maneno yaliyopigwa pasi, na hayo hakuyahitaji. Aliyokuwa anayangoja ni haya, na alinipatia mtu wa kuyaitikia, mtu aliyekufa ulimi, ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa imekwenda na iliyobaki ilikuwa inajua jambo moja tu, kusema ndiyo kwa mtu anayeomba. Nilikaa kwenye kigoda. Mwanga wa jioni uliingia kupitia mlango ukafika mpaka kwenye shuka chafu, na lile shuka likawa shuka tu, kitu cha kufua. Nikapasha maji nikamwosha tena. Nilimfunika kama siku zote, lakini sikufumba macho. Mikono yangu, bega lake, kovu la zamani juu ya kiwiko ambalo sikuwahi kulijua. Alikuwa ananiangalia. Nikamwambia, "Baba, tulia, namaliza," na ilikuwa mara ya kwanza neno baba linatoka bila kusukumwa.

Usiku huo nililala kama jiwe. Asubuhi bodaboda alikuja, nikamwambia bado.

Amani si upole. Wengi wanachanganya. Nilichopata mimi kilikuwa sauti isiyotetemeka. Niliwapigia mume wangu na wifi, wote wawili, nikawaambia mvua zikishaanza nakwenda kwa mama yangu kupumzika, kisha narudi, na siku nitakayotoka mmoja wao awe amefika, asipofika atamkuta baba yake na kuku. Wifi alianza kulia. Nikamngoja amalize, nikamwambia tena, palepale nilipoishia. Zamani ningekata simu.

Slufay yetu ikaendelea, kila mchana baada ya uji. Mara nyingi inaanza kwa malalamiko, na sijaona sababu ya kubadilisha. Siku moja mwinjilisti alitukuta katikati. Alisimama mlangoni, Biblia kwapani, akasikia ile sauti ya wazee, nikaona anajiuliza kama hayo ndiyo mambo ya kale anayotakiwa kuyakemea. Niliinyooshea kidole kofia yake. Akaivua. Tulipokuwa tunakaribia mwisho naye alikuwa anaitikia, chinichini, kwa sauti ya babu yake bila shaka, maana yeye ni mtu wa Mbulu kama sisi. Alipotoka aliniambia hajui atalisemaje hilo kanisani. Nikamwambia asiliseme.

Mvua zilikuja. Yule mfugaji alirudi na ng'ombe, wamekonda lakini wapo, na mke wake akaja kunionyesha ndama kama amemzaa yeye. Akaniuliza kama Mungu wangu sasa amejifunza Kiiraqw. Nikamwambia alikuwa anakijua siku zote, mwanafunzi nilikuwa mimi.

Na wifi alikuja kweli. Alifunga duka, akaja na magauni yasiyofaa kwa kazi yoyote. Nilimwonyesha jinsi ya kumgeuza, jinsi ya kuweka mto katikati ya magoti. Slufay sikumwambia. Nilichukua lile begi, mtoto mgongoni, nikapanda gari kwenda Mbulu. Kwa mama nililala, nikala, nikalala. Kule juu baridi ilikuwa inatoka ardhini kama maziwa, na mama yangu hakuniuliza swali hata moja.

Nilirudi jioni, njia ya matope, mikaratusi inadondosha maji, ukungu umeshuka mpaka kwenye boma la majirani. Nilisikia kabla sijaona nyumba. Ilikuwa sauti ya wifi, na haikuwa ile ya Babati ya kuwapokea wateja. Alikuwa anamlalamikia mtu kwa Kiiraqw kizito cha utoto wake. Nilisikia kwamba mgongo unamuuma. Nilisikia kwamba mdogo wake ni mwanaume jina tu. Nilisikia, Mungu, kwa nini hukuniambia, yule msichana alikuwa anafanya haya yote peke yake na mimi nikamwambia asogee. Kila alipopumua, kutoka ndani ya ukungu, ile sauti ya chini ilikuwa inamjibu.

Kisha wifi akanyamaza. Nilijua anaangalia nini. Nilijua mkono uko wapi.

Nikaweka begi kwenye jiwe la mlangoni, polepole, lisitoe sauti. Mtoto mgongoni akaanza kujitikisa anataka kushuka, nikampapasa atulie. Sikuingia. Tulisimama nje tukangoja, mpaka wifi akavuta kamasi na kuanza tena, kwa kujikwaa, mvua ije. Na sisi wawili, huku nje, tukaitikia.